Antwerpen kwa Miguu kwa Abiria wa Entebbe: Pa Kulipia na Pa Kupita Bure

Ndege ya usiku ya Brussels Airlines kutoka Entebbe humfikisha abiria Brussels asubuhi. Mwenye siku nzima mkononi kabla ya safari inayofuata huambiwa aingie Brussels mjini, apige picha na kile kisanamu cha mtoto anayekojoa, anunue chokoleti, arudi. Kisanamu chenyewe kina sentimita 55 hivi. Sisi tunasema panda treni uende Antwerpen. Ni mji wa bandari wa zamani, unatembeleka kwa miguu kutoka stesheni hadi mtoni, na vitu vyake bora vinne havina kiingilio: stesheni yenyewe, handaki la chini ya mto, gati za mto Scheldt na paa la makumbusho ya MAS. Kasoro yake kubwa ni kwamba hauna haraka ya kukueleza mali yake ilitoka wapi, na sehemu ya mali hiyo ilitoka kwa jirani zetu, ng'ambo ya Ziwa Albert.

Tuanze na viza. Abiria wa kubadilisha ndege asiye na viza ya Schengen hatoki uwanjani, hata akiwa na saa kumi na mbili za kukaa. Ada ya viza ya muda mfupi kwa mtu mzima ni yuro 90 tangu Juni 2024, na ukinyimwa hairudi. Kwa hiyo maelezo haya yanamfaa aliye nayo tayari: mwanafunzi, mfanyabiashara, anayekwenda kuona ndugu. Kuomba viza kwa ajili ya matembezi ya siku moja hakulipi.

Halafu saa. Uhamiaji na mizigo, weka saa moja. Treni ni dakika 35 hivi kwenda na nyingine kama hizo kurudi. Ndege inayofuata inakutaka uwanjani saa tatu kabla. Tayari zaidi ya saa tano zimeliwa. Mwenye saa nane kati ya ndege na ndege abaki uwanjani anywe chai yake. Mwenye kumi ataona nusu ya njia. Njia nzima tunayoeleza hapa, kilomita nane au tisa pamoja na kuingia ndani mahali pawili, inataka saa sita za kutembea bila kukimbizwa.

Stesheni ya treni ya Zaventem, yaani uwanja wa ndege wa Brussels, iko chini ya jengo la abiria. Nunua tiketi kwenye mashine au kwenye programu ya NMBS, shirika la reli la Ubelgiji, na uandike Antwerpen-Centraal. Kwenye vibao vya Kifaransa mji huohuo huandikwa Anvers, usidhani ni kwingine. Bei ina nyongeza iitwayo Diabolo, ambayo hutozwa kila anayeingia au kutoka stesheni ya uwanja, hivyo usishangae safari fupi kuwa ghali. Kosa la kawaida ni kushuka Antwerpen-Berchem, kituo cha kabla, kwa sababu jina linaanza vilevile na watu wengi huinuka. Kaa. Na usiku wa kuamkia safari fungua programu uangalie kama kuna mgomo. Wafanyakazi wa reli wa Ubelgiji hugoma mara kwa mara, na siku ya mgomo treni huwa chache. Mbao za treni zinatumia saa 24, kwa hiyo 16:05 ni saa kumi na dakika tano jioni. Pesa ya simu haifanyi kazi huko. Beba kadi ya benki ya Visa au Mastercard na yuro chache za sarafu kwa ajili ya vyoo, ambavyo hata ndani ya majengo ya biashara mara nyingi hulipiwa.

Ukishuka Antwerpen-Centraal, usikimbilie nje. Treni hufika kwenye ngazi tatu tofauti: reli sita juu, nne chini ya ardhi, na nne chini zaidi, zinazopita kwenye handaki lililofunguliwa 2007. Kabla ya hapo stesheni ilikuwa mwisho wa reli. Treni ikiingia, ilitoka kwa kugeuza mwelekeo. Ukishushwa chini, panda ngazi za umeme hadi juu kabisa, geuka, utazame ukumbi wa chuma na vioo wenye urefu wa mita 185. Kisha ndipo uteremke kwenye ukumbi wa kuba la mita 75, kazi ya Louis Delacenserie, iliyojengwa kati ya 1895 na 1905. Angalia tarehe hizo vizuri. Ndiyo miaka ambayo mpira wa Kongo ulikuwa ukishushwa mjini humu kwa tani, wakati Kongo ikiwa mali binafsi ya Mfalme Leopold II. Marumaru yote hayo yalisimamishwa katika mji uliokuwa unashiba. Mizigo iache kwenye makabati ya stesheni. Begi la kilo 23 linataka kabati la ukubwa wa juu, hivyo nenda hapo kwanza, kahawa baadaye.

Mitaa ya almasi iko ubavuni mwa stesheni. Ina ulinzi mkali, Jumamosi inakuwa kimya kwa sababu ya Sabato ya Kiyahudi, na kwa mpita njia haina kitu zaidi ya madirisha. Kununua jiwe hapo ukiwa na saa sita mkononi ni kujitafutia. Pita.

Kutoka mlango mkuu, fuata De Keyserlei moja kwa moja hadi Meir, barabara ya maduka isiyo na magari. Ni kilomita moja na nusu hivi hadi Groenplaats na kanisa kuu, na katikati hakuna cha kukuchelewesha. Nyumba ya mchoraji Rubens, pale Wapper, inakarabatiwa, na haitarajiwi kufunguliwa kabla ya 2030 hivi. Kilichofunguliwa tangu 2024 ni bustani na jengo jipya la wageni, kwa tiketi. Vitabu vya zamani vya utalii bado vinaitaja kama kitu cha kwanza cha kuona. Usilipie bustani ukidhani unalipia nyumba. Jumapili maduka mengi ya Meir yamefungwa, isipokuwa Jumapili ya kwanza ya mwezi.

Onyo la njiani: vijia vya baiskeli. Mara nyingi vina rangi nyekundu-kahawia, viko sawasawa na pa watu, na mwendesha baiskeli wa huko hapunguzi mwendo. Aliyezoea kukwepa boda Kampala anategemea masikio; baiskeli na tramu hazina mlio. Tazama chini unapokanyaga, si mbele tu. Wezi wa mifukoni nao wapo karibu na stesheni na kwenye Meir, kama kila mji wenye wageni.

Kanisa kuu la Mama Yetu lilijengwa kuanzia 1352 hadi 1521. Mnara wa kaskazini una mita 123. Wa kusini ulikwama, na umebaki hivyo hadi leo. Kiingilio ni karibu yuro 12, na kwa kuwa yuro moja imekuwa ikizidi shilingi 4,000 za Uganda, hiyo ni kama shilingi 50,000. Je, inafaa? Kwa mtu anayependa picha, ndiyo. Ndani zimo kazi nne za Rubens, na mbili kubwa ziko kushoto na kulia ukielekea altare: Kuinuliwa kwa Msalaba na Kushushwa Msalabani, zote za miaka ya 1610 hadi 1614. Simama mbele ya ile ya kwanza umtazame yule mwenye kipara anayeusukuma msalaba kwa kifua na mabega, misuli imemtoka kana kwamba kamba zitakatika. Wafaransa waliichukua picha hiyo hadi Paris, ikarudi baada ya Napoleon kuanguka 1815. Kwa asiyevutiwa na picha, kanisa la nje linatosha. Siku za kazi milango hufunguliwa saa nne asubuhi hadi saa kumi na moja jioni. Jumamosi hufungwa saa tisa, Jumapili wageni huingia kuanzia saa saba mchana. Wanaokwenda Jumapili asubuhi kwa utalii hukuta misa.

Kabla ya kuingia uwanja mkuu, tafuta mlango namba 16 wa Oude Koornmarkt. Ni mlango wa kawaida, na wengi wanaupita. Ndani ni Vlaeykensgang, kichochoro cha mwaka 1591 kilichobaki na kuta nyeupe na mawe yake. Bure, dakika tano.

Grote Markt ni pazuri, lakini si pa kale kama panavyojitangaza. Ukumbi wa mji ni wa 1561 hadi 1565, kazi ya Cornelis Floris. Ulichomwa 1576 askari wa Kihispania walipoupora mji, ukajengwa upya. Nyumba za vyama vya mafundi zilizopanga pembeni, nyingi zimejengwa upya au kurembwa upya baadaye. Katikati ni chemchemi ya Brabo, ya mchongaji Jef Lambeaux, 1887. Haina bwawa: maji yanamwagika juu ya mawe na kupotea katikati yake, na watoto hucheza hapo majira ya joto. Sanamu inamwonyesha askari Brabo akirusha mkono wa jitu Antigoon. Jitu hilo, kwa hadithi yao, lilikuwa likiwatoza ushuru mabaharia wa Scheldt na kumkata mkono asiyelipa, hadi lilipokatwa lake.

Hapa msomaji wa Maziwa Makuu ataguna, na ana haki. Mikono imejaa mji mzima: kwenye nembo, kwenye kuta za MAS, kwenye maduka ya chokoleti. Biskuti za umbo la mkono, za siagi na lozi, zilibuniwa 1934 na mwokaji Jos Hakker, Myahudi aliyetoka Amsterdam, na chimbuko lake ni hadithi ya jitu. Hazihusiani na mikono iliyokatwa Kongo enzi za mpira. Lakini mzigo huo wa mpira ulishukia mji huuhuu, na duka halitakueleza. Biskuti ni tamu na hazivunjiki ovyo kwenye begi. Ila fikiria mara mbili kabla ya kumpelekea zawadi rafiki wa Goma au Bunia bila maelezo.

Kama utalipia mahali pamoja tu, lipia Plantin-Moretus, Vrijdagmarkt 22. Ni kiwanda cha uchapaji cha Christoffel Plantin, aliyeanza kazi mjini humo 1555, na familia ikaendelea nacho hadi kuuuzia mji 1876. UNESCO ilikiweka kwenye orodha ya urithi wa dunia 2005. Aliyewahi kusimama Nasser Road, mtaa wa wachapaji Kampala, akisubiri kadi za harusi zitoke ataelewa ukumbi wa mitambo mara moja: meza za herufi za risasi upande mmoja, mitambo upande wa pili, na nafasi ya kupita mtu mmoja kati yake. Mitambo miwili iliyo mwisho wa ukumbi ni ya karibu mwaka 1600, na hakuna ya zamani zaidi iliyobaki duniani. Tafuta Biblia ya lugha tano, juzuu nane, iliyochapwa 1568 hadi 1573. Angalia jinsi Kiebrania, Kigiriki, Kilatini na nyingine zilivyopangwa kwenye kurasa mbili zinazotazamana bila mstari mmoja kupishana na mwenzake. Chumba cha wasahihishaji kina benchi moja kubwa la mbao karibu na dirisha, kwa sababu kazi ilitegemea mwanga wa jua. Weka saa moja na nusu. Jumatatu kumefungwa. Ijumaa asubuhi uwanja wa mbele huwa na mnada wa vitu vilivyotumika, na aliyekulia soko la Owino, Kampala, hatauona mgeni.

Chakula. Chipsi za Ubelgiji hukaangwa mara mbili, mara ya kwanza kwa moto mdogo ziive ndani, zikapoa, kisha moto mkali zikauke nje. Kwa jadi mafuta ni ya ng'ombe. Mwislamu anayejali aulize kabla ya kuagiza. Vibanda vingi sasa vinatumia mafuta ya mimea, vingine havitumii, na kibandani huwezi kujua kwa kuangalia tu. Pakiti ndogo inamshibisha mtu. Sosi hulipiwa peke yake. Mikahawa ya Grote Markt inatoza kwa ajili ya mandhari, na maji ya kunywa huletwa ya chupa kwa bei ya soda. Maji ya bomba ni salama, jaza chupa yako. Anayetaka samaki, ndizi au duka lenye unga wa mihogo aende kaskazini mwa stesheni, upande wa De Coninckplein, lakini hiyo aifanye wakati wa kurudi.

Sasa mtoni, ambako ndiko kiini cha safari. Ukifika kwenye gati la Scheldt utashangaa kukuta hakuna meli za mizigo. Bandari ya kazi imehamia kaskazini, na bado ni ya pili Ulaya baada ya Rotterdam. Tangu 2022 imeungana na ya Brugge. Unachokanyaga ni gati la mawe lililonyooshwa kati ya 1877 na 1885, na ili kulinyoosha walibomoa mitaa ya kale ya ukingoni. Ndiyo maana ngome ya Steen, ya karne ya 13, imesimama peke yake kama iliyosahauliwa. Ilikuwa jela hadi karne ya 19. Tangu 2021 ni kituo cha wageni chenye kiongezeo kipya ambacho wenyeji wengi walikilalamikia, na kwa kweli hakipendezi. Paa lake ni bure. Maonyesho ya kulipia ya ndani yaache.

Panda kwenye jukwaa la juu ya mabanda ya chuma, utembee ukitazama maji. Aliyezoea Port Bell, bandari ya Kampala ziwani, ambako maji hayapwi wala hayajai, atazame gati la kuelea linavyopanda na kushuka: tofauti ya kujaa na kupwa hapa ni kama mita tano, ingawa bahari iko kilomita 80 na zaidi. Mto huu ndio uliotajirisha mji na ndio uliouua: Waholanzi waliufunga meli kubwa zisipite baada ya 1585, ukafunguliwa 1795, na ushuru wao ukaondolewa kabisa 1863.

Kwenye gati za mji huu, mwishoni mwa miaka ya 1890, karani wa kampuni ya meli ya Elder Dempster ya Liverpool, Edmund Dene Morel, alikuwa akija kusimamia meli za Kongo. Aliona zinashusha mpira na pembe za ndovu. Zikiondoka, zilibeba bunduki, risasi na askari. Bidhaa za kubadilishana karibu hazikuwepo. Akapiga hesabu: wanaoutoa mpira huo hawalipwi. Mwaka 1904 alishiriki kuanzisha Congo Reform Association, na 1908 Leopold akalazimika kuikabidhi Kongo kwa serikali ya Ubelgiji. Miaka michache kabla ya Morel kugundua hayo, kwenye maonyesho ya dunia ya 1894, Wakongo zaidi ya 100 walikuwa wamewekwa mjini humu katika "kijiji" cha kutazamwa. Usitegemee kukutana na habari hizi kwa kupita tu. Nenda ukiwa unazijua.

Mlango wa handaki la Sint-Anna uko Sint-Jansvliet, dakika chache kusini mwa Steen. Ni bure na halifungwi usiku. Lilijengwa 1931 hadi 1933, lina mita 572, na liko mita 31 chini. Ngazi za umeme ni zile za mwanzo, za mbao: vipande vyembamba vilivyopangwa kama meno ya kitana, vimelainika kwa miguu, vinalia kila vinapokunjika. Kiatu chenye kisigino chembamba kinanasa, kwa hiyo kanyaga kwa unyayo wote. Zikiharibika, kuna lifti kubwa, nayo unaipanga foleni na baiskeli. Ndani kuna baridi hata Julai. Kaa kulia, waendesha baiskeli wanatakiwa wasizidi mwendo wa mtu kutembea kwa haraka, na hawatii. Ukitokea Linkeroever, ukingo wa pili, mji wote umejipanga mbele yako ng'ambo. Rudi kwa handaki au kwa kivuko cha bure kinachoshusha watu karibu na Steen.

Kilomita moja kaskazini ni MAS, jengo la mawe mekundu lililofunguliwa 2011 kati ya madoki mawili ambayo Napoleon aliamuru yachimbwe. Ngazi za umeme hadi juu na paa ni bure. Tiketi ni ya vyumba vya maonyesho tu, na walinzi hawakuambii tofauti usipouliza. Kutoka paani utaona winchi za bandari mpya kwa mbali. Huko kuna maghala makubwa ya kahawa, yakiwemo yanayotunza akiba ya soko la kahawa la kimataifa, na kahawa ya Uganda iliyopakiwa Mombasa ni miongoni mwa zinazofika. Jumatatu jengo hufungwa.

Makumbusho ya Red Star Line, mbele kidogo, yanaeleza wahamiaji milioni mbili hivi waliopanda meli za kampuni hiyo kwenda Amerika kati ya 1873 na 1934. Majengo ni yaleyale walimooshwa, nguo zao zikachemshwa kuua wadudu, na madaktari wakawapima, kwa kuwa aliyekataliwa New York alirudishwa kwa gharama ya kampuni. Ni makumbusho mazuri sana, lakini baada ya Plantin-Moretus miguu huwa imekwisha, chagua moja. Havenhuis, makao makuu ya bandari yaliyosanifiwa na Zaha Hadid, ya 2016, iko karibu kilomita mbili zaidi. Kwa miguu haifai. Panda tramu namba 24, uguse kadi ya benki kwenye mashine ndani, uione kwa nje, urudi.

Desemba jua linazama kabla ya saa kumi na moja jioni, basi anza na mto, kanisa baadaye. Vaa viatu vya soli nene, maana mawe ya mji wa kale ni ya mviringo na yakiloa yanateleza. Na tiketi ya treni ya kurudi usiitupe ukishaonyesha kwa kondakta: geti la Zaventem halifunguki bila kuisoma.